Filamu sita za mwaka 1987: ipi uitangulize, ipi uiwekee siku yake

Mtu akiulizwa ni filamu gani ya mwaka 1987 anayoikumbuka, mara nyingi hutaja Predator, na jibu hilo lina haki yake. Mwongozaji John McTiernan aliwapeleka Arnold Schwarzenegger na wenzake katika misitu ya Mexico, akawapa adui wasiyeweza kumwona, akatengeneza dakika 107 za hofu ambazo bado zinamshika mtazamaji. Hata hivyo, mwaka huohuo zilitoka filamu nyingine ambazo naziweka juu ya hiyo bila kusita. Zilitoka katika vijiji vya kaskazini mwa Iran, katika nyika za Mali, katika pwani ya Denmark, katika kasri la wafalme wakuu mjini Beijing, katika mitaa ya Kinshasa, na katika ardhi ya Zimbabwe iliyosimama mbele ya kamera badala ya Afrika Kusini. Nitazilinganisha sita hapa, kwa nia ya kumsaidia mtu mwenye jioni moja au mbili za nafasi kuamua aanze na ipi.

Nimezipanga kwa kigezo kimoja. Kila moja kati ya filamu hizi ina mwenye kuamuru na mwenye kuamriwa: baba na mwana, mwalimu na mwanafunzi, bwana na mtumishi, dola na raia. Ninachouliza ni kama filamu inabaki na yule wa chini mpaka mwisho, ikiona anachokiona na kusikia asichosikilizwa, au kama katikati ya safari inamwacha na kumfuata mtu mwingine aliye rahisi zaidi kufuatwa. Idadi ya tuzo, wingi wa fedha zilizotumika na ukubwa wa majina ya waigizaji sikuvipa uzito, ingawa nitavitaja pale vinapomsaidia msomaji.

Kwa kigezo hicho, ya kwanza ni Khaneh-ye Doust Kojast ya Abbas Kiarostami, yaani Nyumba ya Rafiki Iko Wapi. Ya pili ni Yeelen ya Souleymane Cissé. Ya tatu ni Babettes Gæstebud, yaani Karamu ya Babette, ya Gabriel Axel. Ya nne The Last Emperor ya Bernardo Bertolucci. Ya tano La Vie est belle ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy. Na ya sita Cry Freedom ya Richard Attenborough. Mtu akibadilishana nafasi ya tatu na ya nne sitabishana naye sana. Juu ya nafasi ya kwanza na ya sita nitabishana.

Mtoto wa Koker na mtoto wa Beijing

Filamu ya Kiarostami ina dakika 83, na kisa chake ni chepesi kusimulia. Mwalimu wa shule katika kijiji cha Koker anamwonya mwanafunzi aitwaye Mohammad Reza kwamba akileta tena kazi ya nyumbani kwenye karatasi badala ya daftari, atafukuzwa shule. Jioni ile Ahmad, anayekaa naye dawati moja, anagundua kwamba amerudi nyumbani na daftari la mwenzake, kwa kuwa madaftari yao yanafanana. Anajua kitakachompata rafiki yake kesho asubuhi, kwa hiyo anataka kulirudisha. Rafiki huyo anaishi Poshteh, kijiji cha ng'ambo ya kilima, na Ahmad haijui nyumba yao.

Sehemu ninayoirudia kila mara ni ile ya kabla hajaondoka. Mama yake yumo uani anafua na kuanika nguo. Ahmad anamwonyesha madaftari yote mawili na kumweleza kwamba amelichukua la mwenzake bila kujua, na kwamba mwenzake atafukuzwa. Mama anamwambia afanye kwanza kazi yake ya shule. Anaanza kuandika, mara anaitwa ambembeleze mdogo wake. Anarudi, anaeleza tena kwa maneno yaleyale, na mama anamwambia tena aandike, halafu aende kununua mkate. Hakuna anayepiga kelele, wala mama huyu si mkatili. Ana kazi nyingi, na sauti ya mtoto ni moja tu kati ya sauti zinazopita masikioni mwake. Kiarostami anaiacha kamera ikae na uso wa Babek Ahmadpour, mtoto wa kijijini aliyecheza nafasi hiyo, mpaka mtazamaji anaanza kuhisi uzito wa lile daftari mikononi mwake. Katika nyumba zetu, ambako mtoto hufundishwa mapema kwamba hajibizani na mkubwa, sidhani kama kuna asiyemjua Ahmad.

Baadaye tunakutana na babu yake, ameketi na wazee wenzake. Anamtuma Ahmad nyumbani akamletee sigara, kisha mtoto akishaondoka anamweleza mwenzake kwamba sigara anazo. Alichotaka ni kumfunza utii. Anasimulia kwamba baba yake mwenyewe alikuwa akimpa senti kila wiki na kipigo kila wiki mbili, na kwamba senti ilisahaulika mara nyingine lakini kipigo hakikusahaulika kamwe. Anayasema hayo kwa fahari. Filamu haimkemei mzee huyu wala haimcheki. Inamsikiliza hadi mwisho, kisha inarudi kwa mtoto ambaye dakika zake za mwanga wa jua zinapungua. Sijaona filamu nyingine iliyoonyesha malezi ya amri kwa haki namna hii, bila kuyatukana na bila kuyapamba.

The Last Emperor nayo inaanza na mtoto, ila huyu ni Puyi, mfalme mkuu wa mwisho wa China, aliyetawazwa mwaka 1908 akiwa hajatimiza miaka mitatu. Bertolucci alipewa na serikali ya China ruhusa ya kupiga picha ndani ya kasri lenyewe la Beijing, ambalo filamu za namna hii hazikuwa zimewahi kuruhusiwa kuingia, na fursa hiyo aliitumia kikamilifu. Kuna picha moja ambayo hata wasioipenda filamu hii hawaisahau: mtoto anashuka kwenye kiti cha enzi, anakimbilia pazia la manjano linalopepea mlangoni, pazia linainuka, na mbele yake watu kwa maelfu wanamsujudia. Yeye anatafuta panzi anayemsikia akilia. Vittorio Storaro, aliyesimamia upigaji picha, aliipa kila awamu ya maisha ya Puyi rangi yake, kwa hiyo mtazamaji asiyeijua historia ya China anaweza kuufuata wakati kwa macho tu.

Ukiziweka filamu hizi mbili ubavu kwa ubavu, utaona kwamba zote zinahusu milango. Katika Koker yupo fundi anayewashawishi watu wang'oe milango yao ya mbao na kuweka ya chuma, na Poshteh yupo mzee seremala aliyeitengeneza ile ya mbao kwa mikono yake, anayemsindikiza Ahmad gizani kwa hatua za polepole ambazo mtoto mwenye haraka anazivumilia kwa shida. Beijing, lango kubwa linafungwa mbele ya Puyi asiweze kutoka, na miaka mingi baadaye, akiwa mtawala wa jina tu chini ya Wajapani huko Manchuria, lango jingine linafungwa mbele yake wakati mkewe Wanrong akichukuliwa. Yule anayeitwa bwana wa watu wote hana amri hata juu ya kitasa. Hapa Bertolucci amegusa jambo zito kuliko wingi wa mavazi na watu aliowakusanya.

Kwa nini basi naiweka ya nne? Kwanza, wahusika wake Wachina wanazungumza Kiingereza wao kwa wao, na jambo hilo linaweka ukuta mwembamba kati yangu na Puyi kila anapofungua kinywa, hata kama John Lone anaigiza vizuri sana. Pili, katika saa zake mbili na dakika 43 kuna mahali ambapo filamu inavutiwa mno na uzuri wa kasri na kumsahau aliyefungiwa humo. Ilishindania Tuzo tisa za Oscar mwaka 1988 ikazipata zote tisa, pamoja na ile ya muziki wa Ryuichi Sakamoto, David Byrne na Cong Su, na sikatai hata moja. Ila mtoto wa Koker, ambaye filamu yake ilipigwa kwa wanakijiji wasio waigizaji, haondoki machoni mwa kamera kwa muda mrefu. Mwenye kutaka kuona vingi aanze Beijing. Mwenye kutaka kumwona mtu mmoja kikamilifu aanze Koker.

Baba anayemwinda mwanawe

Yeelen, neno la Kibambara lenye maana ya mwangaza, ndiyo filamu ngumu kuliko zote sita, na hilo nalisema mapema ili mtazamaji asiikate tamaa katika nusu saa ya kwanza. Soma, mganga mkuu katika chama cha siri cha Komo, anamwinda mwanawe Nianankoro ili amuue. Mama amemlea kijana huyo mafichoni, na sasa anamtuma aende kwa Djigui, pacha wa baba yake aliyepofuka, akapate huko kitu kitakachomwezesha kukabiliana na baba. Njiani Nianankoro anapita katika nchi ya Wafulani, anawasaidia kwa uwezo wake, anamkosea mfalme wao kwa kulala na mkewe Attu, anakiri mwenyewe, na mfalme anamwachia mke huyo. Ndani ya dakika 105 Cissé hasimami kumweleza mgeni Komo ni nini wala kwa nini gogo linalobebwa na watumishi wawili linaweza kuonyesha njia. Anaichukulia elimu hiyo kuwa ya kawaida, kwa sababu kwa watu wake ni ya kawaida, na anakuachia wewe kuifikia.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana njia yake ya kuingia humo. Katika kisa cha Fumo Liyongo, mtoto anatumwa amsaliti baba yake na kumchoma kwa sindano ya shaba kitovuni. Huku Mali, baba ndiye anayemfuata mtoto. Visa vyote viwili vinajua kwamba vita vya nyumba moja ni vita vya siri: nani anajua nguvu ya mwingine iko wapi, na nani amemfichia nani. Soma hana kosa la mwanawe la kulitaja. Anachokihofia ni kwamba kijana atakuwa na elimu ambayo wazee walitaka ibaki kwao. Wanapokutana mwishoni, katika nyanda kavu, ule ugomvi wa ukoo unageuka kuwa mwanga mkali unaoteketeza, na ninachoweza kusema bila kuharibu ni kwamba Cissé hampi ushindi wa bei nafuu yeyote kati yao.

Sauti ndogo za filamu hii ndizo zinazoniteka zaidi. Mama, akiwa peke yake majini, anajimiminia maziwa kichwani kutoka kwenye kibuyu huku akimwomba mungu wa maji amwokoe mwanawe. Hakuna muziki mkubwa, ni maji, maziwa na sauti ya mwanamke mzee. Ukiiweka picha hiyo kando ya mama wa Koker anayeanika nguo, utaona akina mama wawili waliobanwa na mpangilio uleule wa wakubwa, mmoja akipigana nao kwa dua, mwingine akiutekeleza bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Cissé, aliyesomea filamu Moscow na kufariki Bamako mwezi Februari 2025, alikuwa ameshaonja ukali wa wakubwa: filamu yake Den Muso ya mwaka 1975 ilipigwa marufuku na yeye mwenyewe akawekwa ndani. Yeelen ilipata Tuzo ya Majaji katika tamasha la Cannes mwaka 1987. Wenye watoto wadogo wajue kwamba inafungua kwa tambiko ambamo kuku anateketea kwa moto, na kwamba ina miili isiyofunikwa kwa namna ya mila za mahali pale. Hii ni filamu ya watu wazima, na ni vyema itazamwe bila kukatizwa. Naiweka ya pili, chini ya Kiarostami, kwa sababu moja tu: Attu, aliyehamishwa kutoka mikononi mwa mfalme hadi mikononi mwa shujaa, hatujui moyo wake kwa kiasi kinachomstahili.

Watumishi wawili

Karamu ya Babette na La Vie est belle hazifanani kwa sura, lakini zote zinaingia katika nyumba za watu kupitia mlango wa mtumishi. Ya kwanza inatokana na hadithi ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeishi Kenya kuanzia mwaka 1914 hadi 1931 na kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho. Msomaji wa Kenya atamkumbuka pia Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu aliyekuwa mpishi katika nyumba hiyo. Sidai kwamba Babette ametokana na Kamante. Nasema tu kwamba mwandishi huyu alikuwa ameona kwa macho yake jinsi ustadi mkubwa unavyoweza kukaa jikoni bila jina.

Babette anafika katika kijiji cha pwani ya Jutland mwaka 1871, akiikimbia Paris iliyojaa damu, na anapokewa na dada wawili wazee, mabinti wa mchungaji aliyeanzisha madhehebu yenye masharti makali. Kwa miaka kumi na minne anawapikia samaki mkavu na uji wa mkate uliolowekwa kwa bia, kama walivyomfundisha. Siku moja anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu, na anaomba jambo moja tu: aruhusiwe kupika chakula cha Kifaransa kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka mia ya kuzaliwa kwa yule mchungaji. Waumini wanapoona kasa hai na kware wakiletwa jikoni, wanaogopa kwamba ni uchawi, wanawekeana ahadi kwamba watakula lakini hawatasema neno lolote kuhusu chakula.

Kuanzia hapo filamu inakaa mezani na jikoni kwa zamu, na huu ndio ufundi wake mkubwa. Mezani yupo jenerali mmoja ambaye hakuwepo wakati wa ile ahadi. Anaonja mchuzi wa kasa na kunyamaza kwa mshangao. Wanapoletwa kware ndani ya vikombe vya unga uliookwa, anakumbuka mgahawa mmoja wa Paris ambao mpishi wake mkuu alikuwa mwanamke. Anaanza kuwaeleza wenzake, nao wanamjibu kwa maneno ya hali ya hewa na ya Mungu, kwa kuwa wameapa. Nyuma ya ukuta, Stéphane Audran, katika nafasi ya Babette, anapanga sahani, anafuta kingo zake kwa kitambaa, anaonja, na hasubiri sifa. Mtazamaji ndiye mtu pekee anayekaa pande zote mbili za ukuta huo. Filamu hii ya dakika 103 ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na kila nikiitazama naona kwamba heshima aliyopewa mpishi humu haitolewi na mkubwa yeyote; ameileta mwenyewe mezani. Kwa familia zisizotumia pombe, ni vizuri kujua kwamba mvinyo unamiminwa sana katika nusu ya pili.

Kourou wa La Vie est belle ana haraka zaidi. Ni mwanamuziki wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta jina, na anaishia kuwa boi katika nyumba ya Nvouandou, tajiri mwenye klabu ya usiku. Nvouandou amepungukiwa nguvu za kiume, mganga anamwagiza aoe msichana bikira na asimguse kwa siku thelathini, na msichana anayepatikana ni Kabibi, ambaye Kourou amempenda. Papa Wemba ndiye Kourou, na Pépé Kallé anaonekana humo pia. Yeyote anayeupenda muziki wa Kongo, akizingatia kwamba Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufariki mwezi Aprili 2016, hataitazama kwa utulivu kamili. Kumwona akiwa kijana, mwembamba, akicheka na kuimba, ni jambo lenye thamani yake peke yake. Kinshasa nayo imepigwa picha kwa upendo na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu: mitaa yake, mavazi yake, watu wanaojitafutia kwa akili zao.

Kasoro zake ni mbili, na ya kwanza inanikera kweli. Bwana na boi, mke na mume, wote wanazungumza Kifaransa mahali ambapo maisha yenyewe yangezungumza Kilingala, na Kilingala kimebaki zaidi katika nyimbo. Cissé, katika mwaka huohuo na bara hilohilo, aliwaachia watu wake lugha yao, na tofauti inasikika mara moja. Kasoro ya pili ni Kabibi. Anaozwa, anafungiwa, anagombewa, na kwa kuwa filamu ni ya vichekesho tunaambiwa tucheke, lakini haituonyeshi jioni yake moja akiwa peke yake. Babette ana jikoni lake. Kabibi hana mahali. Kwa ajili ya hilo naiweka ya tano, ingawa kwa furaha inayoiacha moyoni ingeweza kuwa ya kwanza. Haifiki saa moja na nusu.

Filamu iliyomwacha mtu wake njiani

Cry Freedom ndiyo ninayoiheshimu zaidi kwa nia na ninayoilaumu zaidi kwa utekelezaji. Inamhusu Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi aliyefariki mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini tarehe 12 Septemba 1977 akiwa na miaka 30, na Donald Woods, mhariri wa gazeti aliyekuwa rafiki yake. Ilipigwa Zimbabwe kwa kuwa isingewezekana kuipiga mahali ilipotokea. Denzel Washington, katika nafasi ya Biko, anafanya kazi kubwa. Katika tukio la mahakamani anaulizwa kwa nini watu wake wanajiita weusi ilhali rangi yao ni ya kahawia, naye anamrudishia muulizaji swali kwa utulivu: mbona nanyi mnajiita weupe ilhali mna rangi ya waridi? Kila Biko anapoonekana, filamu ina uhai.

Tatizo ni kwamba Biko anauawa kama katikati ya filamu, na zaidi ya saa nzima inayobaki inamfuata Woods, mkewe na watoto wao wakipanga kutoroka. Kutoroka kwenyewe kulitokea kweli: Woods, akiwa amevaa kama padri, alivuka kuingia Lesotho mwishoni mwa mwaka 1977. Ujasiri wake haupungui kwa mimi kusema kwamba hadithi haikuwa yake. Biko anarudi katika kumbukumbu tu, ilhali mjane wake, wenzake na vijana waliomsikiliza wamebaki pembeni. Kigezo changu kinaiangusha hapo, na ndiyo maana iko ya sita.

Hata hivyo nisingependa mtu aiache kabisa, hasa Mtanzania. Katika mazishi ya Biko unaimbwa Nkosi Sikelel' iAfrika, na mtazamaji anausikia wimbo wake mwenyewe wa taifa katika vinywa vya watu waliokuwa wakizuiwa kuuimba. Tukio la vijana wa Soweto wanaopigwa risasi Juni 1976 linahusu kizazi ambacho baadhi yao walipokewa na kusomeshwa Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Na mwishoni majina ya waliokufa vizuizini yanapita kwenye kioo moja baada ya jingine pamoja na sababu zilizotolewa na serikali: aliteleza bafuni, alijinyonga, alianguka kutoka ghorofani, na sababu hizo zinarudiwarudiwa mpaka zinajishtaki zenyewe. Mwezi Julai 1988 polisi wa Afrika Kusini walizikamata nakala zilizokuwa zimeanza kuonyeshwa. Ina dakika 157.

Kuchagua kwa kuangalia nani yuko sebuleni

Mpangilio wa ubora ni jambo moja na mpangilio wa jioni ni jingine. Mwenye watoto wanaoweza kusoma maandishi ya tafsiri chini ya picha achague Nyumba ya Rafiki Iko Wapi, na asiwaambie mwisho wake. Watoto huifuata kuliko wazazi wanavyotarajia, kwa kuwa hofu ya kukosa daftari wanaijua. Mkubwa anayewasomea maandishi kwa sauti, akiwatafsiria kwa Kiswahili, haharibu kitu, kwa sababu mazungumzo yake ni machache na yanajirudia.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo zaidi, na bibi anayependa nyimbo, sita zangu haziwafai wote pamoja. Hapo nashauri Mr. India ya Shekhar Kapur, ya mwaka huohuo wa 1987. Anil Kapoor ni kijana anayelea mayatima na kupata kifaa cha kumfanya asionekane isipokuwa katika mwanga mwekundu, Sridevi ni mwandishi wa habari, na Amrish Puri ni Mogambo, mwovu ambaye watoto hupenda kumwigiza. Inakaribia saa tatu, nyimbo zake zinajieleza bila tafsiri, na pwani yetu imezoea filamu za Kihindi kiasi kwamba mgeni huwa ni yule asiyeelewa. Mzazi ajue tu kwamba kuna mtoto anayekufa ndani yake. Predator haifai usiku wa namna hiyo, kwa sababu miili inayochunwa si ya kuonyeshwa watoto.

Kwa watu wazima wasiopenda kusoma maandishi, zilizobaki ni The Last Emperor na Cry Freedom, kwa kuwa zote ni za Kiingereza. Kati ya hizo mbili, ya Bertolucci inahitaji kioo kikubwa. Kuitazama kwenye simu ni kuipoteza nusu yake, ilhali ya Attenborough inastahimili kioo kidogo. Marafiki waliokutana kula pamoja wawekewe Karamu ya Babette baada ya chakula, wala si kabla, na wanaopenda rumba wawekewe La Vie est belle wakati wowote. Yeelen iwekewe siku ya mapumziko, asubuhi ikiwezekana, mtu akiwa hajachoka na simu yake ikiwa imezimwa. Na anayeiona mara ya kwanza asijaribu kuelewa kila tambiko, amfuate Nianankoro tu na kumwangalia mama yake.

Mwenye jioni mbili tu, ya kwanza aipe Koker na ya pili aipe Mali, kwa mpangilio huo. Akimwona kwanza Ahmad akikimbia kilimani na daftari chini ya sweta, atakapomwona Soma akimfuata mwanawe jangwani hatamwona tena kama mganga wa nchi ya mbali. Atamwona kama ndugu wa yule babu aliyetuma sigara asizozihitaji.